Je, Kumdanganya Ndege ni Uongo?



Wengi wenu mmeiona ile picha ya ndege iliyotundikwa katika ukumbi wa parishi, upande wa kushoto unapoingia, chini ya saa. Ilinunuliwa katika mnada wa sikukuu ya mavuno mwaka 2023 kwa shilingi 85,000, na mnunuzi, kwa ukarimu wake, akairudisha papo hapo iwe mali ya ukumbi. Picha hiyo niliipiga mimi. Tangu siku ile nimepokea sifa nyingi kuliko nilizopata kwa miaka yote ya kufundisha hesabu za sehemu. Akina mama wakija kwenye mkutano wao husimama mbele yake na kuniambia, "Mwalimu, tazama ndege wa watu anavyoimba kwa furaha." Nami hujibu, "Ahsanteni," kisha naangalia pembeni.

Leo nataka niwaeleze kwa nini naangalia pembeni. Jambo lenyewe ni dogo, na huenda wengine mtacheka. Lakini limenisukuma kwenye swali ambalo sikupata kulifikiria nilipokuwa darasani, nalo ni hili: je, mtu aweza kumwambia uongo kiumbe asiyejua maneno? Na kama aweza, ni kosa?

Kwanza niseme juu ya kazi yenyewe, maana asiyeijua hatafahamu kishawishi chake. Nilipostaafu, binti yangu aliniletea kamera iliyokwisha kutumika pamoja na lenzi ndefu ya milimita 300. Nikadhani kupiga picha ndege ni kama kupiga picha arusi: unalenga, unabonyeza, unakwenda nyumbani. Kwa ndege wakubwa ni hivyo hasa. Hondohondo akitua juu ya mti anakupa nafasi ya kufuta miwani na kupiga chafya. Ndege wadogo wa msituni ni habari nyingine kabisa.

Mnaoishi huku kwetu Muheza mnaujua msitu wa Amani. Chini ya miti ile, hata saa sita mchana, pana giza kama la kanisani umeme ukikatika. Basi ndege asiyetulia hata sekunde mbili anataka tundu la kamera lifunguke kwa muda mfupi sana, tuseme sehemu moja ya 500 ya sekunde, la sivyo atatoka kama doa la wino lililopakazwa kwa kidole. Mwanga uliopo unakuruhusu sehemu moja ya 40 tu. Ukiilazimisha kamera ione gizani, picha inajaa chenga kama unga uliosagwa vibaya. Ukitumia taa ya kamera, ndege anang'aa na msitu nyuma yake unakuwa mweusi kama usiku. Tena lenzi ndefu huona vizuri sehemu nyembamba tu, sentimita chache mbele na nyuma, na mara nyingi kamera hushika jani lililo mbele ya ndege badala ya ndege. Mwaka wangu wa kwanza nilirudi nyumbani na mamia ya picha safi kabisa za vijiti ambavyo ndege alikuwa amekwisha kuviacha. Mke wangu aliziita "vijiti vya Mwalimu", na jina hilo bado linatumika nyumbani.

Niliyemtamani zaidi alikuwa kurumbiza, yule mwenye kifua na uso wa rangi ya chungwa na mabawa ya kijivu cha samawati. Uzito wake ni kama gramu 30 tu. Hukaa chini, kwenye vichaka vyenye kivuli, na husikika mara kumi kabla hajaonekana mara moja. Nilimfuata kila Jumamosi, asubuhi, upande wa Sigi. Nilikuwa nimemsikia miezi mingi, na sikuwa na picha hata moja.

Ndipo nilipokutana njiani na kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano, ambaye sasa huongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu," akatazama picha zangu, akanionea huruma. "Mwalimu, kwa njia hiyo utazeeka bure," akasema. Akanitilia katika simu sauti ya kurumbiza iliyorekodiwa, na akaniazima spika ndogo isiyozidi kopo la maziwa. "Weka kichakani, kaa pembeni, bonyeza. Atakuja mwenyewe."

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2022, mvua za vuli zimeanza. Sauti haikumaliza hata mara ya pili, naye alikuwa juu ya kisiki, hatua tatu kutoka kwangu, mabawa ameyashusha, mdomo wazi, kifua kimetuna. Akaizunguka ile spika. Akairukia. Akapanda kwenye tawi penye mwanga, akaimba kwa nguvu zote akiielekea. Nikapiga picha, nikapiga tena. Kila alipotaka kuondoka nilibonyeza simu, naye akarudi. Sikutazama saa, lakini nadhani ilikaribia nusu saa. Nilikuwa na furaha kama mtoto aliyeokota embe.

Niliposimama kunyoosha mgongo ndipo nilipomwona wa pili. Alikuwa kwenye mzizi nyuma yangu kidogo, ana kiwavi mdomoni. Alikuwa akirukaruka kutoka mzizi mmoja hadi mwingine, haendi mbele wala harudi. Nilikuwa nimesimama baina yake na gogo lililooza, na ndani ya gogo lile, bila shaka, mlikuwa na tundu na waliokuwa wakingojea kile kiwavi. Sijui alikuwa pale muda gani. Nilikusanya vitu vyangu nikaondoka upesi. Jumamosi iliyofuata nilipita tena, na pale palikuwa kimya. Sisemi kwamba niliwaua makinda wale. Huenda walikula dakika moja baada ya mimi kuondoka, na huenda Jumamosi ile wazazi walikuwa upande mwingine. Sijui, wala hakuna wa kunijulisha.

Nilipomweleza yule kijana, alinijibu kwa adabu lakini kwa uthabiti: "Mwalimu, ndege hana habari ya kweli wala uongo. Umepiga muziki tu."

Jibu hilo lilinikaa kichwani wiki nzima, maana si jibu la kijinga. Chuoni tulifundishwa kidogo habari za Kant, yule Mjerumani aliyekataza uongo wa kila namna bila msamaha. Lakini huyo huyo alisema kwamba wajibu wetu ni kwa binadamu wenye akili tu. Mnyama tusimtese, si kwa ajili ya mnyama, bali kwa sababu anayezoea kumtesa mnyama atakuwa mgumu pia kwa watu. Kwa hesabu ya Kant, basi, sikumwambia kurumbiza uongo, nilijiharibia tabia yangu tu. Naikubali sehemu ya pili. Lakini siridhiki. Kurumbiza yule hakuhangaika kwa ajili ya tabia yangu. Alihangaika kwa ajili ya gogo lake.

Sauti ile si muziki. Sisi ndio tunaoiita wimbo kwa sababu inatupendeza masikioni. Kwa ndege wa jinsi yake ni tangazo: hapa pana mwenyewe, hapa nina mke na watoto, wewe pita mbali. Sasa fikirini mtu aje kila asubuhi nyuma ya nyumba yako apige kelele, "Shamba hili ni langu!" kisha ajifiche. Unatoka na fimbo, humwoni. Unarudi jikoni, anapiga kelele tena. Uji unaungua, watoto wanalia, nawe unazunguka mihogo ukimtafuta mtu asiyekuwepo. Katika wilaya yetu, ambako kesi za mipaka ya mashamba haziishi, nani atasema mtu huyo anapiga muziki? Ndege hajui neno uongo, ndiyo. Lakini ana jambo analolisadiki, analisadiki kwa sikio lake, na mimi nililitumia sikio hilo kumsadikisha lisilo kweli ili nipate faida. Kama hilo si uongo, basi ni ndugu yake wa tumbo moja.

Mtu ataniuliza, je, na kujificha? Wapiga picha tangu mwanzo wamejificha. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, waliopiga picha za ndege mwishoni mwa karne ya 19, walitengeneza ng'ombe wa bandia aliye mtupu ndani, mtu akaingia tumboni mwake na kamera. Nikimfikiria yule bwana ndani ya ng'ombe, na joto lile, nacheka hadi leo. Lakini naona pana tofauti. Anayejificha hasemi neno. Anaondoa hofu ya uso wake ili ndege aendelee na shughuli zake. Anayepiga sauti anamwamuru ndege aache shughuli zake. Darasani tuliijua vizuri tofauti hiyo. Mtoto aliyenyamaza hakuwa sawa na mtoto aliyesema, "Mwalimu Mkuu anakuita," kumbe hakuitwa.

Hata kujificha hakukosi lawama, nikubali. Eric Hosking, Mwingereza mwingine mashuhuri kwa picha za ndege, alirudi usiku penye tundu la bundi mwaka 1937 na bundi yule akampiga kucha usoni, akapoteza jicho la kushoto. Hakuacha kupiga picha. Bundi yule alijibu kwa lugha iliyo wazi kabisa, na sheria zilichukua muda kumfikia: ni miaka mingi baadaye Uingereza ilipotunga sheria ya wanyamapori iliyofanya kuwa kosa kuwasumbua kwa makusudi baadhi ya ndege adimu wakiwa kwenye tundu lao.

Hoja iliyonitia taabu zaidi haikutoka kwa wanadamu, ilitoka kwa ndege wenyewe. Kurumbiza ni mwigaji. Huiba sauti za ndege wengine na kuzichanganya na zake, hata mtu hugeuka akidhani kuna ndege watano. Tena yuko mramba, yule mweusi mwenye mkia uliogawanyika panda, ambaye ndiye laghai mkubwa. Katika jangwa la Kalahari mtafiti Tom Flower aliwafuatilia kwa miaka na kuchapisha habari zao mwaka 2014. Mramba humtazama nguchiro au ndege mwingine aliyepata chakula, hupiga kelele ya hatari kana kwamba mwewe anakuja, mwenye chakula anakimbia, naye anajichukulia. Wakianza kutomwamini, anabadili sauti na kuiga kelele ya hatari ya jamii nyingine. Basi, kama msitu wenyewe umejaa udanganyifu, mimi na spika yangu tuna kosa gani?

Nilifurahi siku mbili kwa hoja hiyo. Siku ya tatu niliona kasoro yake. Mramba anadanganya kwa sababu ana njaa, na hupata kiasi cha kushiba. Mimi nilikuwa nimekunywa chai na mihogo. Na mramba hana namna nyingine ya kuwa mramba, bali mimi nilikuwa na namna nyingine, nayo ilikuwa kukaa kimya na kungoja. Tena nilitafuta katika msitu mfano mmoja tu, ule unaonipendeza. Wapo na wengine.

Chukueni yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Wayao wa Niassa, nchini Msumbiji, ndugu za Wayao wa kwetu, wana mlio maalumu wa kumwita: ulimi unatetemeka, kisha mguno mfupi. Watafiti walioupima mlio huo walitangaza mwaka 2016 kwamba ukitumiwa, uwezekano wa kuongozwa na ndege hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa huku kwetu, karibu na Ziwa Eyasi, wao hupiga mluzi, na mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba ndege wa kila mahali huujua zaidi mwito wa watu wa mahali pake. Kwa hiyo ipo sauti ya binadamu ambayo ndege huiamini, na huiamini kwa kuwa huko nyuma ilimletea nta. Mtu anaita, ndege anaongoza, mtu anapasua mzinga, kila mmoja anapata chake. Nisipambe mno, kwani Wahadzabe wakati mwingine huificha nta au kuichoma ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Hata mkataba wa kweli huwa na ujanja ndani yake. Lakini mwito wenyewe ni wa kweli: ukija, ipo asali. Mwito wangu kwa kurumbiza ulisema ukija, yupo adui, na adui hakuwepo.

Nisiwe mkali kupita kiasi, kwani wapo wanaotumia sauti hizi kwa sababu ninayoiheshimu. Katika misitu hii ya Usambara Mashariki yupo ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu mwembamba, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutokana na waliopatikana Amani. Duniani kote hajulikani pengine ila kaskazini ya Msumbiji. Hukaa ndani ya vishada vya mitambaazi, na mtu aweza kupita chini yake mwaka mzima asimwone. Mtafiti anayetaka kujua kama bado yuko hupiga sauti mara moja, hungoja jibu, huandika, huenda zake. Zamani, ili kuthibitisha kwamba ndege yuko, ilibidi apigwe risasi na kupelekwa makumbusho akiwa amejazwa pamba. Spika ya dakika moja ni huruma kubwa kuliko bunduki. Na sina shaka kwamba habari na picha za viumbe wa Amani zilisaidia msitu huo kutangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997. Kama uongo mfupi unamlinda anayedanganywa, mimi sitamhukumu msemaji.

Mimi lakini sikuwa nalinda kitu. Msitu umejaa kurumbiza, na picha zao nzuri zimekwisha kupigwa na wenye kamera bora kuliko yangu. Nilitaka yangu. Nilitaka niseme, "Huyu nimempiga mimi." Hata sasa, ninapoandika, sehemu fulani ya moyo wangu bado inajivunia jinsi macho yake yalivyotoka safi, na mwanga ule kwenye kifua.

Nami nikiri kwamba uongo wa kwanza ulizaa wa pili, na huu wa pili hauhitaji falsafa kuujua. Mnaposimama ukumbini mkasema ndege yule anaimba kwa furaha, mnaamini mnachokiona, kwani kamera haionyeshi spika. Mdomo uliofunguka kwa hasira na mdomo uliofunguka kwa furaha, kwenye karatasi ni mdomo mmoja. Ndege yule alikuwa anapigania nyumba yake dhidi ya kopo. Mimi niliyajua hayo nilipoipeleka picha mnadani, nikanyamaza, nikapokea makofi. Hapo nilikuwa nadanganya ndugu zangu, watu wanaojua maneno vizuri kabisa.

Nimekwisha kuzungumza na aliyeinunua. Nilimwambia niko tayari kumrudishia fedha yake. Alicheka sana, akasema fedha ilikwenda kwenye mabati ya paa na mabati hayarudi, na kwamba picha ibaki. Nikamwomba Katibu wa ukumbi basi tubandike chini yake karatasi ndogo ya maelezo: kurumbiza akimtafuta adui asiyekuwepo. Katibu amesema maneno hayo yatawachanganya wageni, na suala litapelekwa kikaoni.

Wakati huo nimerudisha spika kwa mwenyewe na kufuta ile sauti simuni. Jumamosi nakaa juu ya kigoda karibu na maporomoko ya majani, penye mwanga kidogo asubuhi, na kamera nimeiweka kwenye mguu wake ili niweze kutumia mwanga hafifu bila mkono kutetemeka. Kwa Jumamosi sita nimepata vijiti vingi, mkia mmoja, na siafu miguuni. Jumamosi ya saba kurumbiza alitoka mwenyewe, akapekua majani kama kuku, akachukua mdudu, akaingia kichakani. Hakuniangalia. Nilipata picha moja.

Katibu ameniomba tena picha kwa ajili ya mnada wa mavuno unaokuja, nami nimempa hiyo. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akavua miwani. "Mwalimu," akauliza, "ndege mwenyewe yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole: hapo, nyuma ya jani la pili.